Mdhamini Wako ni Nani?

Binti wa kaka yangu alifika kwangu Malava Jumapili moja ya Septemba, ibada ikiwa imekwisha na mvua ya alasiri haijaanza. Akaweka laptopu juu ya meza ya barazani, kati ya bakuli la njugu na birika la chai, na kando yake akaweka daftari. Yeye ni muuguzi mwenye shahada, amefanya kazi miaka mitatu, na alikuwa anaomba ufadhili wa Chevening ili akasomee shahada ya uzamili Uingereza. "Senje," akaniambia, yaani shangazi, "umesahihisha insha za watoto wa watu miaka yote. Leo sahihisha yangu."

Insha za fomu ile huandikwa kwa Kiingereza. Yeye alianza kwa Kiswahili kwenye daftari, jinsi nilivyomzoesha tangu akiwa darasa la sita: fikiri kwa lugha inayokutii, ndipo uhamie nyingine. Nikafungua ukurasa wa kwanza. Swali lilihusu uongozi. Jibu lake lilianza hivi: "Naomba msaada kwa kuwa nimelelewa katika shida." Chini ya hapo baba alikuwa mkulima mdogo wa miwa, malipo ya kiwanda yakachelewa, mtoto akarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, mama akauza kuku. Kila neno lilikuwa kweli. Nilikuwepo, kuku wawili kati ya hao nilinunua mimi.

"Swali linauliza nini?" nikamwuliza.

"Uongozi."

"Nawe umejibu nini?"

Alilitazama daftari kwa muda mrefu. "Nimejibu basari, senje."

Jibu hilo halijanitoka hadi leo. Nimefundisha Kiswahili nikijua kwamba neno humtangulia mtu mlangoni, lakini sikuwa nimeona kwa macho yangu neno moja likimshika mtu mzima mkono na kumpeleka mlango usio wake. Hivyo chai ikapoa tukiyapanga maneno mezani, moja baada ya jingine, kama mtu anavyochambua maharagwe kabla ya kuyabandika.

Tulianza na hilo la basari. Mtoto aliyesoma huku kwetu Kabras anaijua fomu ya basari mapema sana. Huchukuliwa ofisini, hujazwa kwa kalamu, kisha huzungushwa kwa chifu, kwa mwalimu mkuu na kwa mchungaji au imamu ili ipigwe mihuri. Inamwuliza mtoto kama ni yatima, kama analelewa na mzazi mmoja, wazazi wanafanya kazi gani, na nyumbani wako wangapi wanaosoma. Tangu ilipoanzishwa hazina ya maendeleo ya maeneo bunge mwaka 2003, na baadaye kaunti zilipokuja na basari zake, fomu hizo zimewabakiza shuleni watoto wengi ambao wangekuwa mashambani wakipalilia miwa ya watu. Siidharau basari hata kidogo. Ninachosema ni kwamba fomu hiyo imewafundisha watoto wetu lahaja yake. Mtoto wa miaka 14 anajifunza kwamba mbele ya karatasi yenye muhuri mtu huanza na shida yake, na kadiri shida inavyokuwa kubwa ndivyo anavyosikizwa.

Neno lenyewe linasema hivyo. Basari tumeichukua kwa Waingereza. Wao waliitoa katika Kilatini cha Zama za Kati, bursa, yaani mkoba wa fedha, na Kilatini nacho kiliitoa kwa Wagiriki, ambao kwao lilikuwa ngozi ya mnyama. Basari ni mkoba wa ngozi. Anayekuja kwenye mkoba huulizwa swali moja tu la haki: wako una upungufu kiasi gani? Binti wa kaka yangu alilijibu swali hilo vizuri mno. Tatizo ni kwamba safari hii hakuna aliyemwuliza.

Neno la pili ni skolashipu, ambalo vijana hulitumia bila kulitilia shaka. Asili yake ni Kigiriki, skholē, na maana yake ya kwanza haikuwa darasa wala kitabu. Ilikuwa nafasi: muda ambao mtu ameachiliwa na kazi za kujikimu akaweza kukaa na kufikiri. Kutoka hapo Wajerumani wakapata neno lao la shule, nasi tukalichukua kwao walipoitawala Tanganyika. Waingereza wakapata la kwao, na Wazanzibari wakalifanya skuli. Shule, skuli na skolashipu ni watoto wa mama mmoja, na mama huyo ni muda.

Nilipomweleza hivyo alicheka kwanza, kisha akatulia. Alikumbuka alivyokuwa akisoma. Alichota maji kabla ya mapambazuko, akawatayarisha wadogo zake, na jioni akasaidia kuondoa magugu kwenye miwa mpaka giza liingie. Masomo yalipata mabaki ya siku. Mwaka mmoja chuoni bila zamu za usiku, bila kuhesabu nauli, bila simu ya nyumbani kuhusu karo ya mdogo wake: hiyo ndiyo skholē yenyewe. Anayelipa ada, nauli na posho ya kila mwezi anamnunulia mtu muda, na muda ni kitu ambacho maskini hunyang'anywa kabla hata ya fedha.

Na posho nayo tusiipite hivi hivi. Ukisimama soko la Malava siku ya soko utasikia mashine ya posho ikinguruma, watu wamepanga ndoo za mahindi. Neno hilo ni la kale katika njia za misafara. Posho ilikuwa chakula alichogawiwa mpagazi ili afike kambi ya pili. Haikuwa mshahara wala zawadi, ilikuwa nguvu ya miguu. Ndiyo maana nalipenda neno posho kwa fedha za kujikimu za mwanafunzi kuliko marupurupu. Marupurupu ni ziada juu ya mshahara. Posho hupewa aliye safarini, na humkumbusha kwamba kuna mahali anatakiwa afike.

Ndipo tukafika kwenye ufadhili, neno la magazeti na la matangazo ya redio. Shina lake la Kiarabu lina maana ya kinachobaki baada ya haja kutimia, na pia ya kile kilicho bora. Kutoka shina hilo tunapata fadhila, tunapata afadhali, na tunapata tafadhali, neno tulilofundishwa kabla ya mengine yote ya adabu. Ufadhili wa masomo basi ni kilichozidi kwa mmoja kikimfikia mwingine. Tazama jinsi lilivyo jirani na lile la Wagiriki: lile ni muda uliobaki, hili ni mali iliyobaki. Watu ambao hawakukaa meza moja walikubaliana kwamba elimu hukua penye ziada.

Hata hivyo ufadhili una mwinuko. Mfadhili yuko juu, anayefadhiliwa yuko chini, na katikati kuna deni la shukrani lisilokwisha. Wahenga waliujua uchungu wa deni hilo. Walisema afadhali umfadhili mbuzi utakunywa mchuzi wake, kuliko binadamu atakayekuudhi. Maneno mawili ya ukoo mmoja yanakutana katika sentensi hiyo, afadhali na fadhili, na yanamtazama anayepewa kwa jicho la shaka. Kijana anayeingia kwenye fomu na neno hili peke yake ataandika kama mtu anayeogopa kuitwa punda mwenye shukrani za mateke. Atainama kabla hajaambiwa ainame.

Wenzetu wa Tanzania hutumia pia neno jingine, udhamini wa masomo. Huku kwetu dhamana tumeiachia mahakama na mikopo, na nadhani tumejinyima. Dhamana ni ahadi ambayo mtu huiweka kwa niaba ya mwingine: huyu namjua, asipotimiza niulizeni mimi. Mdhamini hatoi alichobakiza. Anaweka jina lake rehani, na pengine zaidi ya jina.

Mwalimu Nyerere alilijua jambo hili kwa pande zote mbili. Yeye mwenyewe alisomeshwa Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia 1949, akapata shahada yake 1952, akarudi. Miaka mingi baadaye, akiwa Rais, aliifasiri tamthilia ya Shakespeare akaiita Mabepari wa Venisi, ikatoka 1969. Kisa chake chote kimesimama juu ya dhamana: Antonio anakopa fedha ili rafiki yake asafiri kwa heshima, na anachoweka dhamana ni ratili ya nyama ya mwili wake. Hatari ile tunaichukulia kama ya jukwaani. Lakini ukiuliza maana ya mdhamini, sijui mfano ulio wazi kuliko huo: ni mtu ambaye wewe ukianguka, yeye ndiye atakayekatwa.

Hapo nikamwuliza binti wa kaka yangu swali nililoona linafaa kuwa la kwanza katika fomu yoyote. Mdhamini wako ni nani?

Akaanza kuwataja aliotarajia kuwaandika: msimamizi wake wa wodi na mhadhiri wake wa zamani. Nikamwambia hao ni wa juzi. Alipoitwa chuo kikuu, baba yake alikwenda kwenye chama cha akiba na mikopo kutafuta fedha za muhula wa kwanza. Chama kikataka wadhamini watatu. Majirani watatu wakatia sahihi, kila mmoja akijua kwamba asipolipa kaka yangu, akiba zao ndizo zitakazokatwa. Mmoja wao hajui kusoma vizuri. Aliweka kidole cha gumba kwenye wino, akakipiga kwenye karatasi, akajifuta kwa jani la mti wa ua. Kina mama wa kanisa wakachanga sufuria, blanketi na sanduku la bati. Hakuna hata mmoja aliyeuliza atapata nini. Kwa hiyo kabla serikali yoyote ya ng'ambo haijamjua msichana huyu, Malava ilikwisha kumwekea dhamana ya ratili zake.

Na haikuanza naye. Wakenya waliopanda ndege ya wanafunzi 81 mwezi Septemba 1959 kwenda Marekani, katika mpango aliousimamia Tom Mboya, waliondoka namna hiyo hiyo. Vyuo vilitoa nafasi na ada, nauli ya ndege ilichangwa na Wamarekani, na familia huku nyumbani zilifanya karamu za kuchanga fedha za matumizi. Barua ya kuomba michango ya nauli ilitiwa sahihi na Wamarekani weusi watatu ambao majina yao yalikuwa na uzito: mchezaji besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Hawakuwajua vijana wale. Waliweka majina yao mbele, jambo ambalo ndilo kazi ya mdhamini. Hadi 1963 karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamevuka kwa njia hiyo. Wangari Maathai alikwenda Septemba 1960, akasoma biolojia katika chuo cha Mount St. Scholastica huko Kansas. Philip Ochieng, aliyekwenda na kundi la kwanza akasoma Chuo Kikuu cha Roosevelt mjini Chicago, alikuja kuwa mhariri, na kwa miaka mingi akatufundisha katika gazeti la Nation kulichunguza neno kabla ya kulitumia. Mimi ni mmoja wa wanafunzi wake wasioingia darasani kwake.

Tuliporudi kwenye daftari, kalamu yake ilikuwa imekwama kwenye neno naomba. "Hili nalifuta?" akauliza. Nikamwambia aliache. Kuomba hakuna fedheha katika Kiswahili. Mtu huomba maji njiani, huomba kazi, huomba radhi, huomba uchumba, huomba Mungu. Lugha ilipotaka kumtaja anayenyoosha mkono barabarani ililazimika kukirudia kitenzi mara mbili, ombaomba, kwa maana kuomba mara moja hakumpunguzii mtu kitu. La kufuta lilikuwa msaada, kwa sababu aliyeandika fomu ile hakuwa akigawa msaada. Wahenga wanasema mwomba chumvi huombea chungu chake. Anayesoma maombi yako amekwisha kujua kwamba unataka chumvi. Anachotaka kuona ni chungu: una nini jikoni, na nani watakula?

Chevening yenyewe inaonyesha hivyo wazi. Ufadhili huo ulianzishwa mwaka 1983 na Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, na umepewa jina la nyumba iliyoko Kent ambayo kwa kawaida hutumiwa na waziri wa wizara hiyo. Unamtaka mwombaji awe na saa 2,800 za kazi, sawa na kama miaka miwili. Unamwuliza mambo manne: uongozi, mahusiano na watu, sababu ya kuchagua kozi, na mipango ya kazi baada ya masomo. Hakuna panapoulizwa kuku wangapi waliuzwa. Shida iliyopita inaweza kuingia katika jibu, lakini iingie kama udongo ambamo kitu kimeota.

Basi tukakutana na sifa, neno gumu kuliko yote siku ile. Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili. Sifa za mwombaji ni vigezo: umri, shahada, uzoefu. Sifa pia ni kusifiwa. Kutoka shina hilo hilo tunapata wasifu, tawasifu, na ule wasifukazi tunaowafundisha wanafunzi kuandika. Maana ya shina ni kueleza kitu kilivyo. Njiani, kati ya Kiarabu na kwetu, kueleza kukaota maneno ya kupamba, na sasa kijana anayeambiwa aeleze sifa zake anasikia ameambiwa ajisifu.

"Nitaonekana najigamba, senje. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

Methali hiyo nimeifundisha mimi mwenyewe, na ninaiheshimu. Lakini ilitungwa kwa ajili ya soko, ambako mnunuzi anakishika kitu mkononi. Anayesoma fomu akiwa London hawezi kukushika. Hajakuona ukiingia zamu. Kumweleza ulichofanya, kwa hesabu na kwa mpangilio, si kujitembeza; ni kumsogezea taa. Kipimo nilichompa ni hiki: kauli ikiwa na kivumishi peke yake, ni kujisifu. Ikiwa na kitendo, mahali na siku, ni wasifu.

"Basi niambie," nikasema, "kazini kwako kuna kitu gani ambacho hakikuwepo kabla hujafika?"

Alifikiri. Kisha akasema, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba kuna daftari. Ni daftari la kurasa 96, la kawaida, limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza ya kliniki ya wajawazito ili lisipotee. Aliona kina mama wenye shinikizo la damu wakiambiwa warudi baada ya wiki moja, wasirudi, kisha wakaletwa usiku hali zikiwa mbaya. Akaanza kuandika majina na namba za simu. Kila Ijumaa mchana anawapigia wasiofika. Aliye mbali anamtafutia mwendesha bodaboda anayemfahamu. Mwanzoni alikuwa peke yake na alitumia salio lake mwenyewe. Sasa wauguzi wenzake wawili wameingia, na wamegawana kurasa.

"Mwanangu," nikamwambia, "huo ndio uongozi."

Akakataa. Kwake kiongozi ni mbunge, ni chifu, ni mwenyekiti wa kitu chenye muhuri. Hapo nikamchukua mpaka Mumias, katika kaunti yetu hii hii, ambako misafara ya pwani ilipumzika ikielekea Uganda katika karne ya 19, na ambako Kiswahili kilianza kuzoeleka masikioni mwa babu zetu. Katika misafara kulikuwa na mtu aliyeitwa kirangozi au kirongozi, ndugu wa neno letu kiongozi. Hakuwa mwenye mali, wala hakuwa mwenye bunduki. Alikuwa mpagazi miongoni mwa wapagazi, aliyetangulia mbele kwa sababu aliijua njia na wenzake walimwamini. Wengine walikanyaga alipokanyaga. Cheo kilikuja baadaye, na kwa bahati mbaya kilikaa juu ya neno mpaka likasahau miguu yake. Lakini mtu anayefunga daftari kwa kamba kwenye mguu wa meza, na kesho yake wenzake wakaanza kuandika humo, huyo ni kirangozi.

Baada ya hapo maneno mengine yalikuja mepesi. Yale ya mahusiano, ambayo siku hizi huitwa mtandao, yametoka katika kutanda: bodaboda, wauguzi na kina mama wa daftari walikwisha kutandwa, hakuwa na haja ya kuwataja wakubwa aliopiga nao picha. Mchujo, ambao waombaji wengi huuogopa, ni kazi ya chujio tu. Chujio hupima ukubwa wa tundu lake, halipimi thamani ya kinachobaki juu. Wengi waliofika mbali walichujwa mara ya kwanza wakarudi mwaka uliofuata. Mahojiano yametoka katika hoja, na Watanzania wakisema usaili wanatoka katika swali. Nikamwambia akiitwa ayachukue yote mawili: aende na hoja, na asiogope swali.

Tulikaa zaidi kwenye barua ya mapendekezo. Kitenzi pendekeza kimejengwa juu ya penda: penda, pendeka, pendekeza. Ni kumfanya mtu apendeke kwa wasiomjua. Na wanaoiandika, katika wasifukazi wa shuleni, tumewafundisha wanafunzi kuwaita warejelewa. Neno hilo huonekana kavu, la mwisho wa ukurasa, mahali pa majina na anwani. Lakini lifungue: rejea, rejelea, rejelewa. Warejelewa ni watu wanaorudiwa. Msomaji wa fomu anawarudia kuuliza kama ulichosema ni kweli. Nawe je, huwarudii?

Kwa Chevening hili si suala la hisia tu. Anayepata ufadhili ule hutakiwa arudi nchini kwake akae angalau miaka miwili baada ya masomo. Vijana wengine huliona sharti hilo kama kamba ya mguu. Mimi nalisoma kwa Kiswahili, na ninaona ni dhamana ile ile imegeuzwa upande wa pili. Tunasema kwenda ng'ambo. Ng'ambo maana yake ya kwanza ni ukingo wa pili wa mto au wa maji. Kutoka Malava ukielekea Webuye utavuka Nzoia, na pale darajani neno linajieleza: hakuna ng'ambo bila ng'ambo hii. Ukishavuka, kule ulikotoka ndiko kunageuka kuwa ng'ambo, na hapo ndipo mtu hujua kama ana mahali pa kurejea. Mabaharia wa pwani walilisema kwa chombo chao: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wangari Maathai alirejea Januari 1966 na elimu yake ya biolojia, na mwaka 1977 akaanzisha vuguvugu la Green Belt na kina mama waliopanda miche kwa mikono yao. Miti ile ni barua ya mapendekezo ambayo hakuna mchujo unaoweza kuikataa.

Sisemi kila anayebaki kule amevunja dhamana. Wengine wanadhamini nyumba nzima kutoka huko huko, na karo za watoto wa kijiji hiki hufika kwa simu kutoka miji ambayo hatujaiona. Ninachosema ni kwamba anayejua wadhamini wake hubaki akihesabiana nao popote alipo, na asiyewajua huandika kana kwamba alijizaa.

Ndiyo sababu nawasihi walimu wenzangu wanaowasaidia vijana na fomu hizi, iwe ni za Chevening, za Fulbright, za Jumuiya ya Madola au za Rhodes, waanze na maneno. Kijana aliyekulia kwenye basari hakosi akili wala hakosi matendo. Anakosa kuambiwa kwamba swali limebadilika. Mwambieni kwamba hapa haulizwi mkoba wake umepungukiwa nini. Anaulizwa ni nani waliomwekea dhamana, ametenda nini nayo, na ataiheshimu vipi. Mwambieni kwa Kiswahili kwanza, ili akifika kwenye Kiingereza awe amesimama wima.

Mvua ilianza tukiwa bado barazani. Alipindua ukurasa, akaandika sentensi mpya, akanisogezea daftari: "Kwenye mguu wa meza ya kliniki yetu kuna daftari la kurasa 96 lililofungwa kwa kamba." Nikatia alama ya vema pembeni, kama nilivyokuwa nikifanya zamani.

Lakini yeye hakuwa amemaliza. Alishika kalamu akitazama matone yakidondoka kutoka kwenye mabati.

"Senje, nikienda mwaka mzima, nani atapiga simu Ijumaa?"

Sikumjibu. Akafungua simu yake, akampigia mmoja wa wale wauguzi wawili, na mvua ilivyokuwa inapiga mabati ikambidi aongee kwa sauti ya juu.